Timu Wakati wa Vita: Istilahi Zinazotumika Uwanjani na Vitani

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari wilayani Bunda, mkoani Mara, ametuletea swali ambalo tumeona yafaa lijibiwe hadharani, kwa kuwa linawahusu wafasiri, walimu na watumishi wa serikali kwa jumla. Aliwatuma wanafunzi wake wakusanye kwa wazee wa vijijini mwao habari za vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Mwanafunzi mmoja alirejea na habari za timu ya mpira ya kijiji chao. Maneno ya mzee aliyemsimulia, kama yalivyoandikwa daftarini, yalikuwa haya: 'Vita vilipoanza kikosi chetu kilipungua. Tuliwapoteza walinzi wawili na nahodha. Waliobaki wengi walikuwa majeruhi, na golikipa wetu alifungwa Mwanza.'

Mwanafunzi alipoyaeleza maneno hayo kwa lugha yake mwenyewe, aliandika kwamba wachezaji watatu waliuawa vitani, kwamba wengine walirudi na majeraha ya risasi, na kwamba golikipa alitiwa gerezani Mwanza. Insha ilisomwa mbele ya darasa, na mjukuu wa golikipa huyo alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Mwalimu alipomwendea mzee, alielezwa kwamba waliokufa Uganda ni wale walinzi wawili tu. Nahodha alihamishwa kikazi akaenda mkoa mwingine. Majeruhi walikuwa wachezaji walioumia miguu uwanjani. Ama golikipa, hakupata kuuona mlango wa gereza: alifungwa mabao manne katika mechi iliyochezwa Mwanza.

Swali la mwalimu ni hili: nani aliyekosea? Jibu letu ni kwamba mzee alisema Kiswahili safi, na mwanafunzi alikisoma kama kilivyoandikwa. Kilichokosekana ni mpaka kati ya istilahi za uwanja na istilahi za vita. Makala haya yanakusudia kuuonyesha mpaka huo na kupendekeza namna ya kuulinda.

Asili ya tatizo

Lugha ya mpira wa miguu katika Kiswahili imejengwa kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni kutohoa, ambako tumepata goli, beki, refa, kocha, penalti na golikipa. Njia ya pili ni kuyapa maana mpya maneno ya shughuli nyingine: nahodha ametoka chomboni baharini, na kiungo kimetoka katika mwili wa binadamu. Njia ya tatu, ambayo ndiyo inayotuhusu hapa, ni kuazima maneno ya vita. Kikosi, safu, ngome, kambi, mshambuliaji, mlinzi na kombora yote ni maneno ya medani yaliyoingia uwanjani.

Wakati wa amani uazimaji huu hauna madhara. Mtangazaji akisema kwamba mshambuliaji ameachia kombora, hakuna msikilizaji anayekimbilia handakini, kwa sababu muktadha unatosha kumwongoza. Lakini vita vikiwapo, muktadha huo hupotea. Mtu yuleyule huwa mchezaji Jumapili na mgambo Jumatatu, na kikosi huweza kuwa cha mpira au cha jeshi. Hapo ndipo neno lililokuwa sitiari hurudi kwenye maana yake ya awali, wala msomaji hana ishara ya kumwonya.

Vita na michezo, 1978 hadi 1979

Ili wasomaji waone kwamba jambo hili si la kijiji kimoja, yafaa tukumbuke jinsi mambo yalivyokuwa. Mwezi Machi 1978 timu ya taifa ya Uganda ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ghana, ikafungwa na wenyeji mabao 2-0. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la Kagera. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alilihutubia taifa akaeleza kwa maneno matatu, uwezo, sababu na nia, kwa nini adui angepigwa. Kitenzi alichokitumia, kupiga, ndicho hichohicho mashabiki wanachokitumia timu yao inapoishinda nyingine.

Mzaliwa mwingine wa Butiama, David Musuguri, aliyezaliwa mwaka 1920 na kufariki mwaka 2024, aliiongoza Divisheni ya 20 iliyoingia Uganda. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Katika kipindi hicho jeshi lilikuzwa kwa kuongezewa maelfu ya mgambo, vijana waliotoka mashambani, viwandani, maofisini na, bila shaka, viwanjani.

Hata hivyo, michezo haikusimama. Orodha ya mabingwa wa soka wa Tanzania Bara haina pengo: Simba ilikuwa bingwa mwaka 1978 na tena mwaka 1979. Katika mashindano ya klabu bingwa za Afrika ya mwaka 1979 Simba ilifungwa na Mufulira Wanderers ya Zambia mabao 4-0 mjini Dar es Salaam, kisha ikaenda Lusaka ikashinda mabao 5-0 na kusonga mbele. Mwezi Agosti 1979, vita vikiwa vimekwisha, timu ya taifa ilitoka sare ya bao 1-1 na Zambia mjini Ndola kwa bao la Peter Tino, ikapata nafasi ya kwenda Lagos katika fainali za mwaka 1980. Basi mwaka mmoja ulikuwa na habari za aina mbili zilizosimuliwa kwa msamiati mmoja. Anayeandika leo historia ya mwaka huo lazima ajue neno lipi liko upande upi.

Mifano ya ng'ambo

Wafasiri hukutana na tatizo hili pia katika maandishi ya kigeni. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, ligi ya soka ya Uingereza ilisimamishwa, nayo haikurejea mpaka mwaka 1946. Marekani ilifuata njia nyingine. Januari 1942 Rais Franklin Roosevelt aliandika barua akishauri kwamba mchezo wa besiboli uendelee kwa ajili ya kuwaburudisha wananchi, ingawa wachezaji wenye umri wa kwenda jeshini wangepaswa kwenda. Zaidi ya wachezaji 500 wa ligi kuu walivaa sare za jeshi. Timu zikajazwa na wazee, vijana wadogo na watu ambao jeshi halikuwataka. St. Louis Browns, ambayo haikuwa imepata ubingwa wa ligi yake hata mara moja, iliupata mwaka 1944. Na mwaka 1945 ilimchezesha Pete Gray, aliyekuwa na mkono mmoja.

Mfasiri akiandika kwamba timu hizo 'ziliwapoteza wachezaji 500', msomaji wa Kiswahili atafikiri ni maiti 500. Ukweli ni kwamba wengi wao walirudi wakiwa hai, na baadhi walicheza tena kwa miaka mingi. Kadhalika, mfasiri akumbuke tofauti ya mchezaji wa kulipwa na mchezaji wa ridhaa. Kwa mchezaji wa kulipwa, kuitwa jeshini ni kuacha ajira. Kwa mchezaji wa ridhaa, kama wale wa kijiji cha Bunda, ni kuacha shamba au ofisi, na mpira huachwa pamoja nayo. Neno 'mchezaji' peke yake halionyeshi hasara hiyo.

Mfano wa Musoma

Istilahi nyingine yenye maana mbili ni kushindwa. Mfano mzuri unatoka Musoma, nyumbani kwa Biashara United. Mwezi Oktoba 2021, katika Kombe la Shirikisho la Afrika, timu hiyo iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 mjini Dar es Salaam. Haikuweza kusafiri kwenda Libya kwa mechi ya marudiano, na kwa hiyo ilitolewa. Mtu akiandika kwamba 'Biashara ilishindwa Libya', ameandika jambo ambalo halikutokea, kwani haikupigwa hata bao moja huko. Akiandika kwamba 'ilishindwa kufika Libya', amesema kweli. Kitenzi ni kilekile. Kinachotenganisha kushindwa kwa mabao na kushindwa kwa safari ni neno moja linalofuata. Kwa ushindi wa namna hii Kiswahili tayari kina istilahi nzuri, ushindi wa mezani, na hatuoni haja ya kutafuta nyingine.

Mapendekezo

Hatupendekezi kuyafukuza maneno ya vita uwanjani. Yamekwisha kuzoeleka, na mpira ungepungukiwa ladha bila ya hayo. Tunapendekeza tu kwamba, katika maandishi yanayohusu wanamichezo wakati wa vita, kila istilahi ipewe kibainishi:

(a) Kikosi: iandikwe kikosi cha wachezaji au kikosi cha jeshi. Panapowezekana, upande wa mchezo litumike neno timu.

(b) Nahodha na kapteni: nahodha abaki kwa kiongozi wa wachezaji uwanjani, kapteni abaki kuwa cheo cha jeshi. Mazoea ya kumwita kiongozi wa timu kapteni yaepukwe katika maandishi ya aina hii.

(c) Mlinzi: iandikwe beki au mlinzi wa timu, ili asidhaniwe kuwa askari wa lindo.

(d) Majeruhi: neno hili liachiwe waliojeruhiwa vitani. Kwa uwanjani iandikwe mchezaji aliyeumia. Karani wa hospitali au wa ofisi ya wilaya anayeandaa orodha ya majeruhi hana budi kulizingatia hili, kwani orodha ya namna hiyo yaweza kuwa msingi wa madai.

(e) Kufungwa: iandikwe kufungwa mabao au kufungwa gerezani. Aliyekamatwa na adui hakufungwa bali ametekwa, naye ni mateka.

(f) Kambi: iandikwe kambi ya mazoezi, kambi ya jeshi au kambi ya wakimbizi.

(g) Kupoteza: kitenzi hiki kiepukwe kabisa kinapohusu watu. Badala yake lisemwe jambo lenyewe: aliitwa jeshini, alihama timu, alistaafu, aliuawa vitani.

Pendekezo la mwisho ndilo tunalolitilia mkazo zaidi. Wazee wetu husema 'tulimpoteza' kwa sababu ya adabu, maana si vyema kutamka kifo kwa ukali mbele ya wafiwa. Adabu hiyo ni mali ya lugha na tunaiheshimu katika mazungumzo. Lakini katika kumbukumbu iliyoandikwa, adabu hiyohiyo humfunika aliyekufa pamoja na aliyehama, hata baada ya miaka arobaini hakuna ajuaye nani ni nani. Shujaa hudhulumiwa akichanganywa na aliyehamishwa kikazi, na aliyehamishwa hudhulumiwa akizikwa angali hai. Kwa hiyo anayekusanya masimulizi ayaandike maneno ya mzee kama yalivyo, kisha amwulize palepale maana ya kila neno lenye shaka, na aiandike maana hiyo pembeni. Mzee akishaondoka, kamusi haitaweza kumjibia.

Kwa kufuata kanuni hizi, maelezo ya mwanafunzi wa Bunda yangesomeka hivi: 'Vita vilipoanza timu yetu ilipungua. Mabeki wawili waliitwa jeshini wakauawa vitani Uganda. Nahodha alihamishwa kikazi. Waliobaki wengi walikuwa wameumia uwanjani, na golikipa wetu alifungwa mabao manne katika mechi ya Mwanza.' Sentensi zimerefuka kidogo, lakini wawili wamepata heshima ya mashujaa, mmoja amerudishiwa uhai wake, na mwingine amerudishiwa jina lake jema mbele ya mjukuu wake.

Wasomaji wenye istilahi nyingine za aina hii, hasa zile zilizotumika katika mikoa ya Ziwa wakati wa vita vya Kagera, wanaombwa watuandikie, wakitaja mahali neno lilikosikika na maana aliyoikusudia msemaji.