Sanduku la mbao la kubebea chakula cha mandari

Baada ya kipindi chetu cha asubuhi, msikilizaji mmoja wa Kizimkazi alituma ujumbe akiuliza: chakula cha mandari kibebwe vipi kifike pwani bado kina moto na hakijamwagika? Hewani nilimjibu kwa kifupi tu. Hapa naeleza kwa urefu, kwa sababu swali lenyewe ni zito kuliko linavyoonekana.

Sikukuu inapofika, Unguja nzima inatoka. Wengine wanakwenda pwani, wengine mashamba, na mwezi wa Julai wengi wanaelekea Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa. Wenyeji wa kule wanapenda kila nyumba ipate mgeni, lakini familia yenye watoto sita inaona haya kwenda mikono mitupu. Basi sufuria ya pilau inafungwa kwa kanga, inapakatwa kwenye daladala, na kila tuta la barabarani mchuzi unaruka. Pilau iliyopikwa saa moja asubuhi inaliwa saa saba mchana, imeshakuwa vuguvugu.

Hapo kwenye vuguvugu ndipo penye hatari. Vijidudu vinavyoharibu chakula vinazaana haraka kikiwa si cha moto wala si cha baridi. Wataalamu wa afya wanasema chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi joto 60, na kikishuka hapo kisizidi saa mbili bila kuliwa. Vyakula vya tui, samaki na wali ndivyo vya kuchunga zaidi, navyo ndivyo tunavyobeba.

Dawa yake ni sanduku la mbao lenye mito ndani. Mbao peke yake haitoshi. Kinachotunza joto ni hewa iliyotulia, isiyopata nafasi ya kuzunguka. Usumba wa makumbi ya nazi una hewa hiyo tele katikati ya nyuzi zake, na sufi ni hivyo hivyo. Babu zetu walijaza magodoro na mito kwa vitu hivi, kwa hiyo hatununui cha ajabu. Shona mifuko ya kitambaa cha pamba, ijaze, iwe na unene wa inchi 2. Usumba uwe mkavu kabisa, kwani ukilowa unapitisha joto kama kitambaa kibichi unachoshikia sufuria.

Sasa sanduku lenyewe. La kwanza nililitengeneza kwa mbao za mninga za unene wa robo tatu ya inchi, nikijivuna. Mzee mmoja seremala wa Jang'ombe alilinyanyua upande mmoja, akalirudisha chini. "Mwanangu," akaniambia, "hili la chakula au la kuzikia?" Lilikuwa na zaidi ya kilo 9 kabla ya kutia hata kijiko. Akanishauri nitumie mbao nyepesi ya nusu inchi kwa pande nne, na plaiwudi nyembamba kwa chini na kwa mfuniko. La pili lilikuwa na kilo 4 hivi.

Vipimo vyake ni hivi. Mbao mbili za ubavuni ziwe na urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 12. Mbao mbili za kichwani ni inchi 12 kwa 12, nazo zinaingia katikati ya zile za ubavuni. Ndani utapata inchi 17 kwa 12. Weka kigawanyo cha nusu inchi ili upande mmoja ubaki na inchi 12 kwa 12. Humo sufuria ya upana wa inchi 8 inakaa na mto kila upande, mmoja chini na mmoja juu, na sufuria hiyo inachukua kama lita 5. Upande wa pili unabaki na inchi 4 na nusu, unatosha kusimamisha sahani, vikombe na vijiko. Juisi ya baridi ipeleke kwenye chombo kingine. Usichanganye.

Kabla ya kukaza, pima kwa tepu kutoka pembe hadi pembe, kisha pembe zile nyingine. Vipimo vikilingana, sanduku liko mraba. Visipolingana, lisukume kidogo mpaka vilingane, la sivyo mfuniko hautakaa.

Sehemu inayoharibika kwanza ni chini, kwa sababu uzito wote unaning'inia hapo. Plaiwudi ya chini usiipigilie misumari tu. Weka papi mbili chini yake, ukazie skrubu kupitia papi na plaiwudi mpaka kwenye mbao za pande. Papi hizo ndizo miguu, zinalinyanyua sanduku lisikae kwenye mchanga wa maji.

Skrubu na bawaba ziwe za shaba. Misumari ya chuma tunayoijua sote, upepo wa bahari unaila na kutu linachirizika kwenye mbao. Tazama masanduku ya kizamani ya Mji Mkongwe, yaliyopambwa misumari ya shaba. Pambo ni pambo, lakini shaba haishiki kutu.

Vishikio ni kamba. Toboa matundu mawili kila mbao ya kichwani, inchi 4 kutoka juu, pitisha kamba nene na ufunge fundo kwa ndani. Watu wawili wanabeba, mmoja huku mmoja kule.

Jambo moja nalisisitiza. Usitumie mabaki ya mbao za paa zilizotiwa dawa ya mchwa, zile zenye rangi ya kijani kibichi. Dawa ile ni sumu, na mvuke wa chakula utalowanisha mbao kila safari. Kwa ndani mimi sipaki vanishi wala mafuta ya nazi, maana mafuta ya nazi hayakauki na yanaita sisimizi. Msasa laini unatosha.

Siku ya safari, sufuria iingie ikiwa inachemka, mfuniko wake umebana, na masizi yenye cheche yamefutwa chini, kwani sufi inashika moto upesi. Usifungue njiani kuonja. Chakula kilichopoa usikitie humo ukitaraji kitapata moto. Mito haipashi, na sanduku hilo litakuwa kiota cha vijidudu.

Mkirudi, toa mito uianike juani siku nzima, fua mifuko yake ikipata mchuzi, na sanduku liache wazi mpaka likauke.