Vipaji vya Watoto wa Wakulima na Wafanyakazi: Nani Anavitafuta?

Kila linapozungumzwa suala la wanafunzi wenye vipaji katika shule za umma, huzuka mawazo mawili yanayopingana. Wako ndugu wanaosema kwamba nchi iliyochagua usawa haina haja ya kumtenga mtoto mmoja na kumwita mwenye kipaji, kwani huko ni kupanda mbegu za matabaka. Wako wengine wanaosema kwamba werevu ni wachache, wanajulikana kwa maksi zao, na kazi ya taifa ni kuwachuja na kuwapeleka katika shule nzuri. Mawazo yote mawili yana upungufu. La pili ni la hatari zaidi, kwa sababu linaonekana kuwa la haki.

Tuangalie historia. Shule ya Tabora ilianzishwa na Waingereza katika miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu. Mkoloni hakuwa akitafuta kipaji. Alikuwa akitafuta watu wa kumsaidia kutawala. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Chifu wa Wazanaki, alianza shule Musoma mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12, akaingia Tabora mwaka 1937. Kipaji chake hakina ubishi. Lakini watoto wa rika lake waliobaki wakichunga mbuzi hawakupimwa na mtu yeyote, na hakuna hesabu inayoweza kutuambia tulipoteza nini.

Maandishi ya Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967 yalieleza kwamba katika kila wanafunzi 100 waliomaliza shule ya msingi, 13 tu ndio walioendelea na sekondari, na wale 87 walitoka na hisia ya kushindwa. Wapo walioyasoma maandishi hayo kana kwamba yanakataza kumsaidia mwerevu. Huko ni kupotosha. Kilichokataliwa ni kuwafundisha wengi kwa faida ya wachache, na kasumba ya msomi kujiona bwana wa waliomsomesha. Nchi maskini haina uwezo wa kutupa akili ya mtoto wake hata mmoja.

Hali ya leo ni tofauti. Ada ilifutwa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10. Kwa hiyo mchujo haukuondoka, ila umehama: zamani ulikuwa juu ya nani aendelee, sasa ni juu ya nani aende wapi. Mmoja huenda sekondari ya kata, mwingine Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato au moja ya zile mbili za Tabora, yaani shule za Serikali ziitwazo za vipaji maalumu.

Mlango wa shule hizo ni alama za mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Hapa ndipo kada anapopaswa kufikiri. Alama hupima kipaji, lakini hupima pia taa ya nyumbani, uji wa asubuhi, vitabu na fedha za twisheni. Tangu mwaka 2012 mtihani huo umetumia karatasi zinazosahihishwa kwa mashine, na katika maswali mengi mtoto hutia weusi herufi aliyoichagua. Katika maswali hayo mashine haioni njia aliyopita mtoto kufikia jibu. Binti wa Chunya aliyebuni njia yake mwenyewe ya kugawanya, akakosea hatua ya mwisho, katika swali la namna hiyo hutoka sawa na yule aliyebahatisha. Nyenzo hiyo ya umma, kama haitaangaliwa, itageuka kuwa urithi wa wenye uwezo wa kulipia maandalizi.

Hatusemi shule hizo zifungwe. Tunasema kipaji kitafutwe kabla ya mtihani, na mtafutaji ni mwalimu wa darasa. Mtoto mwenye kipaji si lazima awe yule mtulivu wa dawati la mbele. Mara nyingi ni yule anayemaliza zoezi mapema kisha akaanza kuwasumbua wenzake. Anayeuliza swali linalomkera mwalimu. Anayepata sifuri katika somo moja na 90 katika jingine. Anayetengeneza gari la waya lenye usukani unaofanya kazi. Mwalimu mwenye watoto 80 hawezi kuandika taarifa ndefu. Anaweza kuwa na daftari moja na kuandika mistari miwili kila mwezi juu ya wale waliomshangaza, na daftari hilo likamfuata mtoto kwa mwalimu wa mwaka unaofuata. Anaweza kumpa zoezi gumu zaidi badala ya kumwachia muda wa utundu, na kumweka awaongoze wenzake katika kikundi, ili akili yake iwe mali ya darasa zima.

Jambo la lugha lina uzito wake. Mtoto wa shule ya msingi ya umma hufundishwa kwa Kiswahili miaka yote, kisha kidato cha kwanza masomo hugeuka Kiingereza. Aliyekuwa akibishana na mwalimu wa sayansi hunyamaza. Ndani ya muhula mmoja huandikwa kwamba ni mzito, naye huanza kuamini. Wiki kadhaa za mafunzo ya lugha mwanzoni mwa mwaka hazitoshi. Mwalimu anayetaka kujua kama mtoto anaelewa fizikia amwache aeleze kwa Kiswahili kwanza. Kiingereza chake apimwe kwa saa yake.

Na kamati za shule? Ajenda zake huishia kwenye madawati na matundu ya choo, mambo ya lazima kabisa. Lakini kamati hiyohiyo, pamoja na serikali ya kijiji, ndiyo inayojua ni mzazi gani anataka kumtoa binti shuleni aende kufanya kazi za ndani mjini, na nani hana nauli wala godoro la kumpeleka mtoto aliyechaguliwa bweni. Daftari la mwalimu lisomwe katika kikao hicho mara moja kwa muhula, majina yatajwe, na kila jina lipewe mjumbe wa kulifuatilia mpaka siku mtoto atakaporipoti shuleni.