Kabla Fundi Hajawasha Grenda

Injini ya dizeli isiyo na turbo ikitoka Dar es Salaam ikafika Tabora, hupungua nguvu bila kuharibika kitu. Mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 11. Pampu nyingi za zamani hazilijui hilo. Humimina mafuta kiasi kile kile, hewa haitoshi kuyachoma, moshi mweusi hutoka. Dereva anaingia gereji katika kata ya Cheyo mjini hapo, na fundi mwenye grenda ndogo anashauri hedi ishushwe, njia za hewa zipanuliwe.

Wazo lenyewe si baya. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta karibu lita 4,000 za hewa katika dakika hiyo. Ila hewa haikwami sana kwenye mdomo mpana wa tundu la hewa. Hukwama zaidi katika sentimita moja au mbili za mwisho, tundu linapopinda kuelekea siti ya valvu, ambako mara nyingi kuna ukingo uliobaki siti ilipochongwa kiwandani. Lainisha ukingo huo, siti yenyewe usiiguse. Ukipanua tundu zima, mwendo wa hewa unapungua kasi na injini inalegea kwenye mizunguko ya chini, na lori la tumbaku linafanya kazi huko huko chini.

Pana hatari kubwa zaidi. Injini nyingi za Fuso hupuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, hivyo tundu la kuingizia hewa limepindwa makusudi ili hewa iingie ikizunguka. Fundi akiuona mpindo ule ni kasoro na kuunyoosha, hewa itaongezeka kidogo, mzunguko utakufa, na moshi utazidi ule uliomleta mteja. 1HZ inastahimili zaidi, kwa kuwa mafuta yake huanza kuwaka katika kijichumba ndani ya hedi. Hata hivyo ukuta unaotenga tundu na njia ya maji ni mwembamba, na ukitoboka hedi imekwisha.

Kung'arisha hadi ujione sura ni kujichosha. Msasa namba 80 unatosha. Baada ya hapo osha kila kitundu, saga valvu upya, zifunge na springi zake, kisha mimina mafuta ya taa ndani ya matundu. Yakichuruzika pembeni mwa valvu, siti bado.

Mimi ningeanza na filta ya hewa, maana vumbi la kiangazi cha huku Unyamwezi huiziba upesi, kisha nozeli na nafasi za valvu. Moshi ukibaki, fundi pampu apunguze mafuta: utakoma, lakini nguvu ya pwani haitarudi. Ya kuirudisha ni turbo, na hiyo ina gharama zake, kwani pistoni za 1HZ hazikutengenezwa kwa joto lake.