Nyumba haiishie ku bati na sima



Kiangazi kinakaribia, na wengi kati yetu wanapanga kujenga kisha kuuza kahawa. Mutu anahesabu matofali, bati, mbao, sima kidogo na feza ya fundi, anasema: dola 1 000, nitaweza. Mwezi wa tisa mvua inarudi na kukuta kuta za matofali mabichi zimesimama bila bati. Zinaloa, zinaanguka, na feza ya mavuno mazima inaenda na matope.

Mara nyingi si bei ya bati iliyopanda. Ni vile vitu vidogo vilivyosahauliwa ku hesabu. Tuchukue mufano wa ile dola 1 000 (bei za kwenu zitakuwa zingine, mujiulizie). Gari linashusha sima ku barabara, lakini kiwanja kiko juu ya kilima. Mufuko mumoja ni kilo 50, na kila mubebaji anaomba yake. Kusafirisha na kubeba: dola 120. Chakula cha wafanyakazi: 60. Hata kama ni maharagi ya shamba lako, ungeliyauza ku soko, basi yaandike. Misumari, bawaba, kufuli na mbao za milango: 90. Choo: 80, na hakiko kitu cha kungojea mwaka ujao, watu wataingia nyumbani siku ileile. Karatasi za kiwanja: 50. Na 100 juu ya mambo ya gafla. Jumla ni dola 500. Nyumba ya 1 000 imekuwa ya 1 500.

Ku karatasi tusimame kidogo. Tangu sheria ya mwaka 1973, udongo wote wa inchi ni mali ya Serikali. Karatasi ya chefu wa kijiji, yenye sahihi za mashahidi, inasaidia, lakini haiko certificat d'enregistrement. Anayenunua nyumba iliyokwisha kujengwa afanye vilevile: aulize kama bibi na ndugu za muuzaji wanajua, apime mipaka mbele ya majirani, kisha ndipo atoe feza. Kuko watu wanaolipa mukopo juu ya kiwanja walichokwisha kunyanganywa.

Sasa zile 500 zitatoka wapi? AVEC ndiyo mulango wa kwanza, sababu feza mutakayogawana mwisho wa mwaka ni yako, hauna deni. Kama unaenda kukopa ku koopeki, usiulize tu riba ni ngapi, uliza inahesabiwa juu ya nini. Tuseme dola 500, 3 kwa mia kila mwezi, miezi 10. Kama riba inahesabiwa siku zote juu ya mukopo wote wa mwanzo, utalipa riba ya dola 150. Kama inahesabiwa juu ya deni linalobaki, na unarudisha 50 kila mwezi, riba itakuwa dola 82,50. Wote wawili watakuambia "3 kwa mia", na hawasemi uongo. Uliza tena feza ya dosiye, na kama watazuia sehemu ya mukopo kuwa akiba.

Kahawa inaleta feza musimu mumoja, lakini deni linaita kila mwezi. Kwa hiyo omba malipo makubwa yaangukie kisha mavuno, na iandikwe ku mapatano, isibaki ku mudomo. Tazama pia feza ya deni: ukiuza maharagi kwa faranga na deni ni la dola, faranga ikishuka utauza mifuko mingi zaidi juu ya malipo yaleyale. Mbegu za mwezi wa tisa na feza ya masomo ya watoto zitengwe mbele ya kuanza hesabu hii.

Na kama hesabu inakataa, jenga vyumba viwili mwaka huu, kingine kitafuata. Nunua bati zote za sehemu hiyo na uziweke ndani mbele ya kuinua ukuta. Fundi atakuambia kuta kwanza, bati tutaona. Umukatalie.