Sauti Isiyo na Msemaji: Ugonjwa wa Akili katika Filamu Fupi

Skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili ambao mara nyingi humfanya mtu asikie sauti za watu wasiokuwepo, ni mgumu kuonyeshwa kwa picha peke yake, kwa kuwa kamera huuona uso wa mgonjwa lakini haiingii masikioni mwake. Kazi hiyo humwangukia fundi wa sauti pamoja na mhariri, yaani mtu anayeamua kila picha ianzie wapi na ikatwe wapi. Na katika filamu fupi, ambayo haina nafasi ya kusimulia maisha ya mgonjwa tangu utotoni, wawili hao ndio hubeba karibu mzigo wote.

Mtazamaji akisikia mlango ukifungwa hutarajia kuuona mlango, na mhariri akimnyima picha hiyo hubaki akijiuliza sauti imetoka wapi. Mwananadharia wa filamu wa Ufaransa, Michel Chion, katika kitabu chake cha mwaka 1982, alieleza kwamba sauti ya msemaji asiyeonekana hupata nguvu za ajabu, kana kwamba iko kila mahali na inajua kila jambo. Katuni fupi ya Marekani ya mwaka 1953, The Tell-Tale Heart, iliyotokana na hadithi ya Edgar Allan Poe, iliitumia nguvu hiyo kwa ustadi: mwigizaji James Mason anasimulia kwa sauti ya muuaji, na kamera inatazama kwa macho ya muuaji huyohuyo, hivyo anasikika muda wote bila kuonekana sawasawa. Ubaya wake ni kuikoleza dhana kwamba mwenye wazimu ni muuaji, ilhali wagonjwa walio wengi hawamdhuru mtu.

Waongozaji wachanga hupenda kuipa sauti ya ndani mwangwi mzito, jambo ambalo humwonya mtazamaji mapema kwamba sauti hiyo si ya kweli. Ajabu ni kwamba mgonjwa mwenyewe mara nyingi hapati onyo hilo, kwani anachokisikia huwa wazi kama maneno ya mtu aliyeketi kando yake.

Mwongozaji Lodge Kerrigan, katika Clean, Shaven ya mwaka 1993, ambayo ingawa ni filamu ndefu ina mengi ya kumfundisha mtengenezaji wa filamu fupi, hakutoa onyo kama hilo. Mhusika wake, Peter Winter, anaamini kwamba amepandikizwa kipokezi cha redio kichwani, na mikwaruzo ya redio, mvumo wa nyaya za umeme na maneno yaliyokatika huchanganyika hata isijulikane kipi kinatoka katika gari analoendesha na kipi kinatoka akilini mwake. Mapema katika filamu kuna tukio la Peter na mtoto wa kike ambalo mhariri analikatiza, akiacha sauti iseme yale ambayo picha inayaficha, na mtazamaji, bila kushuhudia mauaji yoyote, anajijengea mwenyewe imani kwamba mtoto ameuawa, kisha anatembea na imani hiyo katika filamu nzima kwa ushahidi ambao hautoshi.