Redio ya Homa Bay: Miaka Miwili Hewani

Mwezi Mei 1982, mji mdogo wa Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, ulianza kurusha matangazo yake wenyewe. Kituo hicho hutajwa mara nyingi kuwa redio ya kwanza ya kijamii barani Afrika. Kilianzishwa na serikali ya Kenya kwa msaada wa UNESCO, na mchango wa shirika hilo haukufika dola 25,000.

Unafuu huo ulitokana na mitambo. Chombo cha kurushia matangazo kilikuwa cha wati 10 tu, wakati balbu ya kawaida ya nyumbani siku hizo ilikula wati 60. Mawimbi ya FM nayo husafiri moja kwa moja na hukingwa na milima, hivyo sauti iliufikia mji na vijiji vya jirani, basi. Kwa redio ya taifa huo ungekuwa upungufu mkubwa, lakini kwa redio ya wenyeji ulitosha kabisa.

Uzito wake hasa ulikuwa katika lugha. Sauti ya Kenya, redio pekee ya nchi wakati huo, ilitangaza zaidi kwa Kiswahili na Kiingereza. Lugha nyingine ziligawiwa saa chache. Homa Bay ilizungumza Kijaluo, na habari zake zilipikwa palepale, karibu na wasikilizaji.

Miezi mitatu haijatimia tangu izinduliwe, tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali. Miongoni mwa mahali pa kwanza walipopateka ni studio za Sauti ya Kenya jijini Nairobi, ambako mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alilazimishwa kusoma tangazo lao. Baada ya hapo redio haikuwa tena jambo dogo machoni pa watawala. Mwaka 1984, serikali ileile iliyoianzisha Homa Bay ikaifunga, ingawa wenyeji waliipenda.

Redio za aina hiyo zilirejea miaka mingi baadaye, ikiwemo Koch FM ya Korogocho, Nairobi, mwaka 2006. Sheria ya utangazaji ilizitambua rasmi mwaka 2009. Leo Ibara ya 34 ya Katiba ya 2010 inaikataza serikali kuingilia kazi za watangazaji, kinga ambayo Homa Bay haikuwa nayo.