Saa Nne Usiku Taa Zinazimwa

Mashosti wananicheka. Eti mwanamke wa mjini, Jumamosi saa nne usiku yuko kitandani kama mtoto wa chekechea! Kuna aliyemuuliza mume wangu kama ananifungia ndani. Jamani, hanifungii. Nina baipola, na usingizi ni sehemu ya tiba yangu.

Kwa asiyeujua ugonjwa huu: kuna kupanda na kushuka. Ukipanda, unalala masaa mawili, unaamka na nguvu za ajabu, unaongea bila kituo na pesa unazimwaga. Ukishuka inakuja sonona, hata kuoga inakuwa kazi. Si kurogwa, si jeuri.

Dawa nameza kila siku, asikudanganye mtu kwamba maneno peke yake yanatosha. Ila mwanasaikolojia wangu alinishangaza. Nilijiandaa kusimulia utoto wangu, yeye akaanza na saa! Anafuata tiba iliyobuniwa na Ellen Frank na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani. Wao wanasema mwili una saa yake ya ndani, na kwetu sisi huvurugika upesi: safari, msiba, mtoto mchanga, kazi za zamu. Kwa hiyo kila siku naandika mambo matano: nimetoka kitandani saa ngapi, nimeonana na mtu wa kwanza saa ngapi, nimeanza kazi, nimekula cha usiku, nimepanda kulala. Kisha tunazungumza ni nini kilichovuruga, na mara nyingi ni ugomvi na mtu. Katika utafiti wao wa mwaka 2005, uliohusisha wagonjwa 175, waliopewa tiba hii wakiwa bado wanaumwa walikaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kurudi.

Kwa wenye wenza, hapa ndipo penye utamu na uchungu. Zamani nikicheka kwa sauti tu, Baba Junior anauliza, "Umemeza dawa?" Inauma hiyo, acha kabisa! Tulipoingia kwa mshauri wote wawili, tukakubaliana aulize kitu kingine: "Mama Junior, jana umelala saa ngapi?" Nikilala chini ya masaa matano siku mbili mfululizo, tunampigia daktari, na hapo sina ruhusa ya kubisha. Mambo ya pesa hatuyagusi baada ya chakula cha usiku. Na kuamka ni saa kumi na mbili, hata Jumapili. Mimi naona hiyo ndiyo ngumu kuliko zote.

Mwaka huu kazini walinipa cheo, mshahara mnono, lakini wiki moja kila mwezi ni zamu ya usiku. Tulikaa mezani na daftari langu, tukalipitia miezi sita nyuma. Nikakataa. Bado inaniuma, maana mwenye nyumba haijui baipola, anajua kodi. Nimeandika barua kuomba cheo kilekile, zamu za mchana tu. Majibu bado.